Presha Iliposhuka Nikashangilia

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, saa nne na robo asubuhi. Mimi nilianza shule nikiwa na wajukuu, na tangu nijue kuandika tarehe, sikubali jambo lipite bila tarehe yake.

Mume wangu, Baba Amoit, alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu mjini Busia, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimechoka. Kwetu Amukura mke hupimwa kwa sahani ya mumewe, nami sikutaka mtu aseme wangu ameshinda na njaa. Nikafungua hotipoti: ugali wa wimbi na kuku. Akala akisifu.

Punde akaanza kupiga miayo, jasho likamtoka. Muuguzi akaja mbio, akampima. “Presha imeshuka sana!”

“Mungu asifiwe!” nikasema, nikamega tonge jingine. Usinicheke. Kijijini kwetu presha ni jina la ugonjwa, na mwenye nayo huombewa ishuke. Sasa imeshuka, kwa nini nisishangilie?

Kwenye kiti cha pili alikuwapo mzee aliyeendesha malori ya Malaba miaka mingi, naye akisafishwa damu. “Mama, weka tonge chini!” akafoka. “Unashangilia nini, na mzee anatuaga?”

Ndipo nikamtazama Baba Amoit. Midomo ilikuwa imepauka, macho hayanioni. Nikamwita, hakuitika. Muuguzi akakilaza kiti, akamwinua miguu, akaizuia mashine isimvute maji, akamtia maji ya chumvi mshipani. Dakika zile sikuzihesabu, mimi nihesabuye kila kitu. Hatimaye akafumbua macho, akauliza, “Kuku ameisha?”

Tulicheka, mimi nikifuta machozi. Lakini swali lilinikaa: tonge huwezaje kumwangusha mtu? Muuguzi akanieleza kwamba chakula huita damu tumboni, na wakati huohuo mashine inapunguza maji mwilini, hivyo msukumo wa damu mishipani hulegea. Msukumo huo ndio presha.

“Kumbe kila mtu ana presha?”

“Hata wewe, mama.”

Yule dereva akadakia, “Lori likiwa kwenye mizani haliongezwi mzigo.”

Tangu hapo Baba Amoit alikula kabla ya kutoka nyumbani, na hotipoti ilimngoja hadi muuguzi aruhusu. Nilikaa naye miaka minne zaidi, na hakuna aliyeniita mke mbaya.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukimsindikiza mgonjwa wa figo, waulize wahudumu ale nini na saa ngapi, maana wagonjwa hawafanani, na mwenye kisukari asikae na njaa bila ushauri wao. Akipiga miayo, akitoka jasho au akiona kizunguzungu, ita mtu upesi. Na neno ulilolizoea, liulizie tena maana yake.

Mungu akupe mkono wa kulisha na ulimi wa kuuliza, na umpendaye ainuke kwenye kiti kile akikuuliza kuku yuko wapi.