Tangulia, Mwalimu

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la kuchapisha pale Ukonga, nikisubiri fotokopi zangu. Kando yangu fundi wa ndege alikuwa akipokea ratiba za mazishi ya rubani kijana. Dada wa kaunta akaitazama picha ya marehemu kwenye ratiba, akauliza kulikoni.

"Ndege mbili ndogo zimegongana zikiwa chini," fundi akasema. "Uwanja wenyewe hauna mnara, marubani wanapeana zamu kwa redio. Huyu alitaka kuruka, mwalimu wake wa zamani alitaka kuvuka njia hiyo hiyo ya kurukia. Nilikuwa na redio, nikawasikia. 'Shikamoo mwalimu, tangulia.' 'Marahaba, tangulia wewe mwanangu.' Kila mmoja akatii, wakaondoka wote wawili."

"Na mwalimu?"

"Yuko hai. Ratiba hizi kaniagiza yeye."

Adabu tunafunzwa hata kabla ya shule. Ubishi wa kuokoa roho hatufunzwi kabisa.

Tulifika mlangoni pamoja. Fundi akanipisha kwa mkono. "Tangulia, braza," akasema, kisha akashtuka, akaziangalia zile ratiba. Tukabaki tumesimama, hakuna aliyethubutu kutoka.