Bluetooth ya Mwalimu haikufa, niliizima mimi

Wakuu, heshima zenu. Leo sina mbwembwe, nimechoka. Naandika ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Iringo, Musoma. Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kibara, na laptop ambayo nilimwekea Linux, badala ya Windows, mimi mwenyewe mwaka jana.

Mwalimu hasikii vizuri. Anavaa vifaa vya masikioni, vile vinavyopokea sauti kwa Bluetooth. Kaka yake amelazwa Mwanza, hali mbaya. Simu ya mwalimu ni kitochi, kwa hiyo tegemeo lake la kumpigia kaka yake kwa video ni laptop tu.

"Mwanangu, namwona midomo inacheza, sisikii kitu. Nisaidie nimsikie."

Nikaanza. Bluetooth haionekani kabisa, kama vile mashine haijawahi kuwa nayo. Nikafanya update. Nikabadilisha kernel, kile kiini cha mfumo. Nikafungua laptop, nikachomoa card ya Bluetooth, nikapuliza vumbi, nikarudisha.

Wapi! Siku mbili hizo, na umeme wenyewe mnaujua.

Nikamwambia card imekufa. Akasema, "Haya, mapenzi ya Mungu." Alikubali haraka mno, nikaumia.

Nikarudi kusoma maelezo ya driver ya ile laptop, programu inayoongoza vifaa vyake. Kumbe ndiyo inayoshika swichi ya umeme wa Bluetooth! Ikiambiwa izime, card inakosa umeme na kupotea kwenye orodha kana kwamba imeng'olewa.

Sasa nani aliiambia izime?

Mimi, wakuu. Nilikuwaga na tabia, laptop ya mteja wa vijijini naiwekea mstari mmoja wa amri ya kuzima Bluetooth kila ikiwaka, kuokoa chaji. Simuulizi mtu, najiona mjanja. Mstari ulikuwa pale na jina langu juu yake. Mwaka mzima mzee anadhani laptop yake ni ya kizamani.

Nikaufuta, nikawasha upya. Bluetooth ikaja, nikaunganisha vifaa vyake vya masikioni.

Tukapiga video call pale pale dukani. Binti wa kaka yake akasogeza simu mdomoni kwa mgonjwa. Mwalimu akainama, akasikiliza weee, akanigeukia.

"Fundi, bado. Ongeza sauti."

Nikaangalia. Sauti ilikuwa imefika mwisho.

Akamuuliza binti, akasikiliza jibu lake, akaniambia taratibu, "Anasema baba yake sauti ilikwisha mwezi uliopita. Ananong'ona tu."

Jamani.

Walipomaliza nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana, na bora angenitukana. Akafunga laptop, akasema, "Ungeniuliza tu, mwanangu."

Funzo nililopata ni hilo: mashine ya mtu usiitie kitu bila kumwambia, hata kama nia yako ni kumsaidia.

Mafundi wenzangu, mliowahi kumkosea mteja namna hii, mliweza vipi kumtazama tena usoni? Semeni, nasoma zote. Hata wa kunisema, karibuni.