Difu ya Baba Mdogo

Oili ya difu inanuka kama yai viza lililokaangiwa kwenye tairi, na mimi nimelelewa ndani ya harufu hiyo hapa Karatu, pamoja na vumbi jekundu na matusi. Msimu ninaoukumbuka nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Mbaazi zilikuwa zimejaa shambani Endabash, na difu ya nyuma ya pikapu ya baba, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu, ikavunjika meno. Baba mdogo, jirani yetu wa uzio mmoja, alikuwa na pikapu kama ile ile, ya kizee vile vile, ila injini imekufa. Akasema, “Kaka, toa difu yangu uvunie. Injini yangu ikipona utanirudishia.” Akaipandisha pikapu yake juu ya mawe, tukaibeba difu.

Sasa, pikapu mbili zinaweza kufanana sura, difu zikatofautiana meno. Kabla ya kuifunga, baba aliizungusha magurudumu mzunguko mmoja, akaniambia nihesabu alama ya chaki inazunguka mara ngapi pale inapofungwa propela, lile bomba linaloleta nguvu ya injini. “Yetu ni mara nne na kidogo. Hii je?” Mimi nilikuwa namtolea baba mdogo ulimi, kwa kuwa alikuwa ananiita Kipanya. Hesabu ikanipotea. “Nne na kidogo!” nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Kwenye tope la Endabash, baba akaweka magurudumu yote manne yavute. Ya mbele yakataka mwendo wake, ya nyuma wake. Ukasikika mlio kama bunduki, na difu ya mbele nayo ikafa. Baba alirudi kwa miguu, akamkuta baba mdogo getini na majirani.

“Umenipa difu ya uchawi ili mbaazi zangu zioze!”

“Nimekupa miguu ya gari langu, unanitukana? Nirudishie!”

“Njoo uichukue kama wewe ni mwanaume!”

Wahenga wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Sisi tulishika spana: baba akaifungua difu ile, akaificha nyuma ya banda la kuku. Injini ya baba mdogo ikapona, lakini bila difu ilikuwa inaunguruma tu pale pale juu ya mawe kama mlevi aliyekatazwa kutoka. Mwisho akaizima, akanunua punda. Mimi, mdomo usiojua kufungwa, nikaufunga kuhusu ile hesabu.

Mwaka huu, kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alichora magurudumu ya meno ubaoni, nikaelewa kwa nini difu ya mbele ilikufa. Jioni nikamwambia baba: nilidanganya, hesabu ile ilikuwa ya uongo.

“Najua,” akasema, akiendelea kumenya muwa. “Niliihesabu kesho yake. Tano kasoro kidogo.”

“Na hukumwambia?”

“Nilishamtukana mbele ya watu. Ningesema nini?”

Utotoni niliamini wakubwa hugombana kwa kutojua. Miaka saba nimebeba dhambi yangu na ya baba, na yake ndiyo nzito.

Asubuhi nikasimama kwenye uzio. “Shikamoo, baba mdogo. Lete punda. Difu yako iko nyuma ya banda la kuku.”

“Nani kakutuma, Kipanya?”

“Hakuna.”

Akaja. Baba alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Hakuzuia, hakusaidia. Hawakusalimiana. Jumamosi pikapu ya baba mdogo ilishuka kwenye mawe, ikapita mbele ya geti letu ikipiga honi ndefu ya makusudi. Baba akafunga dirisha.

Gari limeshuka. Wao wawili bado wako juu ya mawe.