Mapazia ya Ghorofa ya Kumi na Tisa

Rispa hakuhitaji macho kuchambua mapazia. Akishafungua belo lake la mitumba pale soko la Gikomba, aliingiza mikono ndani na vidole vyenyewe vikamwambia. Mapazia mazito, mapya bado, wauzaji wenzake huyaita kamera. Yaliyochoka, yale ya kuuzwa kwa bei ya kusukuma siku, huitwa fagia. Kamera Rispa alizikunja polepole akazitia katika mfuko wake mkubwa. Fagia akawatundikia wateja.

"Mama Otiende, leo tena?" Nthoki alimwita kutoka kibanda cha pili, alikouza mashuka.

"Leo tena nini?"

"Umeficha lile la kijani. Nimekuona, usiniangalie hivyo. Mteja akija unampa fagia, halafu unakaa hapa unauliza mbona watu wanakupita wanaenda kwa Wathome."

"Lile si la kuuza. Lile ni la Dubai."

"Kwani Dubai hakuna mapazia, dada?"

"Yapo. Lakini si yangu."

Nthoki akatikisa kichwa akaendelea kukunja mashuka. Walikuwa wakiabudu katika kanisa moja na walipendana, kwa hiyo kuchokozana hakukuwa na kosa.

Hiyo Dubai ilikuwa nyumba. Rispa aliwahi kufanya kazi za ndani kule miaka kumi, na alipokaribia kurudi alinunua nyumba katika jengo ambalo lilikuwa bado ni mchoro tu. Akiba yake yote iliingia katika malipo ya kwanza, na deni lililobaki akakubali kulipa kidogo kidogo huku jengo likipanda. Yake ingekuwa ghorofa ya kumi na tisa. Alirudi mtaani Shauri Moyo na goti bovu na tumaini zima, akaamini Gikomba itamaliza deni.

Ile picha ya jengo aliyopewa na kampuni aliitundika ukutani. Akina mama wa ushirika wa kanisa walikuja Alhamisi moja, wakaimba, wakaiwekea mikono na kuipaka mafuta ya maombi. Kioo cha picha kilibaki na doa, ukilitazama utadhani mvua inanyesha upande mmoja tu wa ghorofa. Jumapili iliyofuata Rispa akapeleka sadaka ya shukrani. Alishukuru mbele ya kanisa zima, na kanisa likapiga makofi.

Sasa miezi ilikuwa inapita bila yeye kutuma kitu. Wateja walikuwa wamehama, na hakuona kwamba ni mfuko wake mwenyewe uliowahamisha. Jumamosi hiyo simu ililia akiwa bado anafunga kibanda. Alikuwa Mulama, kijana wa ofisi iliyomuuzia.

"Habari yako, mama. Naomba usinikasirikie, mimi natumwa tu. Mwezi huu ukiisha bila malipo, mkataba unavunjwa. Watakurudishia sehemu ndogo, na haitakuwa leo wala kesho."

"Sikukasirikii, mwanangu. Wamefika ghorofa gani?"

"Ya kumi na mbili, mama."

"Basi yangu bado."

"Bado. Pale kwako kwa sasa ni hewa tu." Akajiuma ulimi. "Samahani, mama."

"Umesema kweli. Mungu akubariki."

Alitembea hadi nyumbani goti likimlilia. Chumba chao cha nyumba za kanju, zile za baraza la jiji, kilikuwa na giza la mchana lililozoeleka, na taa ilikuwa imewashwa. Zedekiah, mumewe, mstaafu wa reli, alikuwa anakaanga omena. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jiko alilipenda.

"Kaa chini kwanza," alisema alipomwona usoni.

Rispa akaketi kitandani akamwambia yote, mwezi baada ya mwezi. Zedekiah alipunguza moto. Aligeuza omena mara mbili bila sababu.

"Tutauza mabati," akasema.

Rispa alishtuka. Mabati hayo Zedekiah aliyanunua kwa kiinua mgongo chake, na yalikuwa yamehifadhiwa kwa ndugu yake kule kwao Ugenya. Ndiyo yangeezeka nyumba katika boma la Zedekiah mwenyewe. Kwa Mjaluo wa umri wake, kutokuwa na nyumba nyumbani si jambo dogo. Watu husema. Na siku ya kuitwa na Bwana ikifika, jeneza linapelekwa wapi?

"Yawa, Baba Otiende! Uuze nyumba yako?"

"Si yangu. Kwetu nyumba ni ya mke, mwanamume anapewa tu mahali pa kulala." Alijaribu kucheka. "Basi kama ni yako, uwe nayo unakoitaka. Wewe ulishazoea mambo ya bahari. Ile picha uliyonitumia, umesimama kwa dirisha kubwa kama bibi ya waziri. Nimeitazama hiyo picha miaka mingi. Nilikuwa najiuliza, huyu mtu nitamleta vipi chini ya mabati?"

Rispa alitazama mikono yake.

"Ile picha," akasema, "ukiiangalia vizuri utaona kitambaa mkononi mwangu. Nilikuwa naosha kioo. Msichana mwenzangu ndiye aliyenipiga picha."

"Ulisema una chumba chako."

"Nilikuwa nacho. Cha kufulia nguo. Mashine ilikuwa hapa kichwani, na godoro hapa. Hakikuwa na dirisha, Baba Otiende. Hata tundu la sindano. Nikizima taa, saa sita ya mchana na saa sita ya usiku ni kitu kimoja. Nilikuwa naamka nalala tena nikidhani bado, kumbe nimechelewa. Sikukuambia kwa sababu ungesema nirudi, na Otiende alikuwa shuleni."

Zedekiah aliweka mwiko chini.

"Nilikuwa naomba humo ndani. Nikamwambia Mungu, ukinitoa hapa sitaki dhahabu, nataka dirisha. Siku walipotuonyesha ule mchoro, ukuta mzima ni kioo, nikaona ndiyo jibu. Nilisema ni nyumba. Kusema kweli sikuwahi kufikiria vyumba. Ni dirisha tu nililonunua."

Harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Zedekiah akaepua sufuria, akaiweka chini, akabaki amesimama akimpa mgongo. Alipogeuka alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Rispa. Hapa kwetu dirisha liko wapi?"

Rispa aliinua mkono kuonyesha, mkono ukasimama njiani.

Lilikuwa nyuma ya masanduku. Sahani za nyumba ya Dubai, mashuka ya Dubai, magunia ya mapazia ya Dubai, yote yamepangwa moja juu ya lingine hadi karibu na dari, na picha ya jengo imetundikwa pembeni kama mlinzi. Hakukumbuka hata ni lini mara ya mwisho aliliona. Aliyapanga mwenyewe.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimejifungia tena."

"Usiinuke, una goti," Zedekiah akamwambia. Akaanza kushusha, moja moja, akipumua kwa nguvu. Vumbi lilipanda wakapiga chafya wote wawili. Kipande cha dirisha kilikuwa kimeshika kutu, akakigonga kwa kiganja mpaka kikalegea, kikafunguka kwa kelele.

Hakukuwa na bahari. Kulikuwa na kamba ya nguo ya jirani, ukuta wenye ukungu, na kipande cha anga kisichozidi kanga moja. Sauti ya maseremala ikaingia, na harufu ya mbao zilizorandwa. Jua la jioni likaanguka kitandani, juu ya goti lake.

Rispa akalia, na si kidogo. Alililia miaka kumi, na pesa ambazo hazingerudi zote, na makofi ya kanisa. Zedekiah akaketi kando yake, bega kwa bega, akamwacha alie. Kisha Rispa akajifuta kwa leso, akachukua simu.

"Mulama, mwanangu. Mwache mwingine aichukue. Hicho kidogo watakachorudisha, nitakisubiri. Na mabati," akamgeukia mumewe, "hayauzwi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," Zedekiah akajibu.

Jumatatu alifika Gikomba na magunia kwenye mkokoteni. Nthoki alipoona kamera zimetundikwa mbele, alipiga kigelegele mpaka watu wakageuka.

"Leo Wathome atalala njaa! Ni nini kimetokea, dada?"

Rispa akamweleza bila kuficha. Nthoki alimshika mkono kwa muda.

"Pole, mama. Na sasa Mungu tutamwambia nini? Tulishashukuru. Mafuta tulimwaga."

"Mwambie tuliharakisha kidogo. Anatujua."

"Anatujua kabisa." Nthoki akavuta ncha ya kitambaa kilichochungulia mfukoni. "Na hili la kijani, hata leo?"

"Hilo bado si la kuuza."

Jioni walilitandaza kitandani. Lilikuwa limekusudiwa ukuta mzima wa kioo, likamwagika hadi sakafuni pande zote. Zedekiah alikuwa amepima dirisha kwa kamba. Rispa akaweka alama kwa kipande cha sabuni, akainua mkasi, akasita. Kwa muda wote ule hakuwa ameruhusu hata uzi mmoja wa Dubai ukatwe.

"Shika huko, linyooke," akasema.

Zedekiah akashika. Mkasi ukaingia.

"Usikate mabaki vipande vipande," alimwambia. "Nataka kujua, kule nyumbani fundi nimwambie madirisha mangapi?"

Rispa hakuinua macho kutoka kwenye alama yake, ila mkasi ulipunguza mwendo.

"Chumba cha kulala kwanza," akasema. "Hayo mengine tutaona."