Gari Lililopata Alama Sitini na Moja

Kaka yangu Ikuto Kurata alibakiwa na mbio moja tu za kujiokoa, na mbio zenyewe zilikuwa hapa hapa kwenye uwanja wa Suzuka, karibu na mashamba yetu ya chai. Mkurugenzi wa timu yake, Bwana Ogiso, alimwambia mbele ya mafundi wote:

"Jumapili usipomaliza katika watatu wa kwanza, mwakani kiti hicho nampa mtu mwingine."

Msimu mzima nafasi yake nzuri kabisa ilikuwa ya tisa. Kaka akainama, akajibu kama anavyojibu siku zote: "Nitajitahidi."

Si kwamba hakuwa na kipaji. Alianza kuendesha vigari vidogo vya mbio akiwa na miaka sita. Alipofika kumi na tano alikuwa bingwa wa vijana wa nchi nzima, na alipotimiza ishirini akaingia daraja la juu kabisa la magari ya kiti kimoja, yale yenye pua ndefu na magurudumu nje. Huko ndiko alikokwama. Mhandisi wake, Nishiwaki, mama mmoja mwenye maneno ya haraka, alikuwa akimwuliza kwenye redio, "Likoje?" Kaka anajibu, "Liko sawa." Likiyumba, liko sawa. Likikataa kona, liko sawa. Sasa mhandisi atarekebisha nini? Mafundi wakambandika jina la Bwana Sawa.

Mimi nilijua jambo hilo lilikoanzia. Nilikuwa na miaka minne, yeye tisa, nimekaa juu ya tairi pembeni ya uwanja wa vigari. Kaka alirudi wa mwisho, akavua kofia ngumu, akapayuka: "Baba, hiki kigari kibovu!" Baba ni mkulima wa chai. Injini alijifunzia kitabuni, mkono mmoja una spana, mwingine unafunua kurasa. Akasimama, akafuta mikono, akamwinamia Kaka mpaka chini, mbele ya wazazi wengine na watoto wao. "Samahani," akasema. "Kosa ni langu." Uso wa Kaka siku ile sijausahau. Toka hapo hakuna gari lililowahi kuwa bovu mdomoni mwake.

Basi, Alhamisi ya wiki ya mbio, Nishiwaki alipita nyumbani kumletea Kaka karatasi za kazi. Alitaka kuziacha mlangoni aende zake, lakini Bibi hakubali mgeni aondoke mdomo mkavu. Akamvuta hadi kwenye kiwanda chetu kidogo nyuma ya nyumba, ambako tulikuwa tunaonja chai ya mavuno ya vuli.

Kwetu kwenye kuonja hakuna kusifu. Mabakuli meupe yanapangwa, kila moja lina majani ya mkulima mmoja, na kila moja linaanza na alama mia. Muonjaji anachota kwa kijiko, anavuta kwa kelele, anatema, anataja kasoro, anakata alama. Mwenye chai anaandika, anarudi kurekebisha. Hakuna anayenuna.

Kaka alikuwa amefika bakuli la tatu. "Hii mvuke umezidi. Jani limelegea, maji yana ukungu. Kata nne. Halafu ina moshi."

"Moshi uko wapi?" Baba akauliza.

"Nyuma ya ulimi. Imekaa mno kwenye kikaushio. Kata sita."

"Ni yangu hiyo."

"Najua. Kata sita."

Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Mwambie! Tangu asubuhi nasema inanuka soksi iliyoungua, nikaambiwa pua yangu imezeeka!" Baba naye anacheka, anaandika sita.

Nishiwaki alikuwa ameganda na kikombe mkononi. "Samahani, Bibi. Huyu ndiye yule Bwana Sawa?"

"Sawa gani? Huyu ana mdomo kama wembe."

"Mwaka mzima namwuliza gari likoje, ananiambia liko sawa! Kumbe ulimi anao!"

Kaka akawa mwekundu hadi masikioni. "Chai ni chai, Mhandisi. Gari limetengenezwa na watu. Nikisema ni baya, Mzee Dobashi wa breki ataniinamia."

"Kwani chai imejikausha yenyewe?" Bibi akasema.

Nishiwaki akamwomba Baba karatasi moja ya kuonjea, akaikunja, akaitia mfukoni.

Ijumaa, katika mazoezi ya kwanza, Kaka alimaliza wa kumi na nne. Alipokaa kwenye kigoda gerejini, Nishiwaki akamwekea ile karatasi mapajani. Alikuwa amefuta vichwa vya rangi, harufu na ladha, badala yake kaandika majina ya kona.

"Alama mia," akasema. "Kata."

Kaka akaishika kwa mikono miwili. Mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya. Mimi na Baba, tuliokuja kutazama, tulisimama ukutani, hatutingishiki.

"Kona ya kwanza," akaanza polepole, "pua inachelewa kuingia. Kata tano."

"Endelea."

"Kwenye mipindo ya nyoka, mkia unataka kunipita. Kata nane. Kona ya Kijiko, sakafu inagonga lami. Kata sita. Gia ya pili inaingia kwa kurusha. Kata kumi. Breki..." Akakwama. "Breki ya mbele kushoto inashika kabla ya ya kulia."

Mzee Dobashi, fundi mkuu, ndiye mwenye breki. Akavua kofia, akainama mpaka nikaona kisogo chake chenye mvi. "Samahani sana. Hiyo ni kazi yangu."

Kaka akapauka kama karatasi aliyoishika. Nilimwona akifungua mdomo, nikajua neno linalokuja ni "sawa", na kiti kimekwenda. Baba pembeni yangu alikuwa ameuma mdomo wa chini.

Kaka akainuka. Akainama chini kuliko mzee, na bila kuinua kichwa akasema, "Kata kumi, Mzee Dobashi."

Dobashi akarudisha kofia kichwani.

"Kumi! Miaka thelathini niko kwenye breki, sijawahi kukatwa kumi! Haya, dogo, njoo unionyeshe pedali inakuambia nini. Nyie mnasubiri nini? Leteni jeki!"

Jumla ikawa sitini na moja. Jioni walibadilisha breki, springi na mengine nisiyoyajua. Jumamosi asubuhi gari likapata themanini na nne, na kwenye kupanga nafasi za kuanzia Kaka akashika ya tano. Mafundi walipeana mikono kama wameshinda tayari.

Jumapili tulipewa vipokea sauti vya masikioni tusikilize redio. Bibi alikaa kwenye kiti cha kukunja katikati ya gereji, hakuna aliyethubutu kumhamisha. Kaka alianza vizuri, akampita mmoja kwenye kona ya pili, akaingia kubadilisha matairi, akatoka bado wa nne. Mbele yake gari la njano. Mzunguko hata mzunguko analikaribia, lakini hajalipita. Ikabaki mizunguko minne.

"Likoje?" Nishiwaki akauliza.

"Tairi la nyuma kulia linachoka. Kata mbili. Pua iko vizuri."

"Na breki?"

"Breki sina cha kukata."

Dobashi akajipiga kifua.

Mzunguko uliofuata, wakishuka kwenye zigizaga iliyo kabla ya mstari wa kumalizia, gari la njano likabana breki. Kaka hakubana. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, ndipo akabana, gari likasimama kama limeshikwa mkono, akaingia kwa ndani. Wa tatu! Gereji ikalipuka. Mzunguko wa mwisho, pale pale, akampita na wa pili. Bibi alikuwa juu ya kiti, amesimama, na umri wake ule, Baba amemshika kiuno asianguke huku machozi yanamtiririka.

Kaka aliposhuka jukwaani, bado amelowa mvinyo wa kushangilia, Bwana Ogiso akamfuata. "Kurata. Mwakani kiti ni chako."

Kaka akainama. "Nitaji..." Akameza. Akainuka, akamtazama machoni. "Asante, Mkurugenzi. Ila usukani ni mzito kwenye kona za kasi. Nataka ubadilishwe kabla ya majaribio ya Desemba."

Ogiso akamgeukia Nishiwaki. Nishiwaki alikuwa ameshatoa kalamu. "Kata ngapi?"

"Saba," Kaka akasema.

"Saba ni nyingi," Ogiso akasema.

"Ni saba."