Ziwa la Baba Brian na Choo Kilichojaa

Tulifunga safari kwa sababu ya mwanangu Brian. Alikuwa amempata msichana, Chantal, Mrundi wa Fort Worth, na mama yake Chantal alikuwa hajakubali. Huyo mama ni mjane anayefanya kazi kwenye ghala, na alimwambia bintiye wazi kwamba Wakenya wa majumba makubwa wana madharau. Tulipoomba kwenda kumsalimu, akajibu hana mahali pa kutukalisha. Mume wangu akasema basi sisi tuwe wenyeji, tukutane kwenye ziwa nje ya mji wao. Akakodi trela ya kulala, yenye jiko, choo na kiyoyozi, tuivute kwa pikapu yetu. Ilikuwa Julai 2019, na mpaka hapo sikuwa na neno.

Neno lilianza kwenye kuchagua kiwanja cha kuegesha trela kambini. Kulikuwa na viwanja vyenye umeme, bomba la maji na bomba la kumwaga uchafu, vyote vimepangwa nyuma ya duka la kambi. Na kulikuwa na vile vya ufukoni, visivyo na chochote ila mandhari.

"Baba Brian, chukua ya full hookup," nilimwambia. "Wageni watataka choo."

"Siwezi ku-drive mpaka Fort Worth nikae naangalia fence! Choo si kiko ndani ya trela?"

Ijumaa asubuhi tuliondoka kwetu Pearland, karibu na Houston, tukazunguka Stafford kumchukua Brian. Kwenye kituo cha mafuta Baba Brian, ambaye hajawahi kuvuta trela maishani, alirudi nyuma mara nyingi hadi watu wakatupigia honi.

Jioni tulifika. Ziwa lilikuwa zuri, sitasema uongo. Kisha nikawasha kiyoyozi, Baba Brian akaniambia bila umeme wa kambi betri inatosha taa na pampu ya maji tu. Tulilala kwa jasho, mwenye ziwa lake akikoroma.

Jumamosi mchana wageni walifika. Tulikuwa tumealika wanne, lakini mama hakutani na wakwe peke yake: alikuja na kaka yake wa kumsemea, dada zake, watoto, na akina mama wa kwaya ya parokia. Nilifurahi, na papo hapo nikawaza choo. Hata nyama haijaiva, taa nyekundu ikawaka: tangi la uchafu limejaa, na la maji safi limekauka. Mjomba wa Chantal, yule msemaji, akatoka mlangoni mwa trela taratibu, mikono ina sabuni.

"Mama, maji hayatoki."

Nilitamani kumsukuma mume wangu ziwani.

Choo cha umma kilikuwa juu ya kilima. Basi tukawa tunapanda mmoja mmoja, karatasi mkononi. Zamu yangu iliangukia pamoja na ya Mama Chantal, na aibu ilinichoma kuliko jua.

"Unisamehe sana," nikasema. "Mimi nilimwambia huyu mzee! Anajua kila kitu, huyu!"

Akasimama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mama Brian, usiombe msamaha. Mimi nilikuwa naogopa. Chantal alinionyesha picha za nyumba yenu. Nikajiuliza, siku mwanangu akilia kwenu, nitagonga vipi mlango ule?"

"Na sasa?"

"Sasa nimekuona umeshika karatasi ya choo, unamlaumu mume wako mbele yangu. Nitagonga."

Nilimshika mkono, tukamaliza kilima hivyo hivyo. Tuliporudi alimnong'oneza kaka yake, naye akasimama mbele ya wote akasema Warundi wamekubali.

Jumapili tulipanga foleni getini kumwaga tangi. Baba Brian alishika bomba kwa ncha za vidole, uso umekunjamana, na bado akapiga kelele: "Si nilikuambia? View imetuletea mke!" Nilifunga dirisha. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeitazama hiyo view.

Nilichojifunza ni hiki: ukialika watu, chukua kiwanja chenye mabomba. Ziwani mtu atatembea kwa hiari yake. Chooni hana hiari. Safari ijayo nitachagua mimi.

Tulikuwa karibu kuingia Houston simu ilipolia. Alikuwa Mama Chantal.

"Mwezi ujao mje kwangu tupange siku ya harusi," akasema. "Mwambie mzee choo changu kinafanya kazi."