Cheti cha Bi Makaa

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Alikuwa Bi Makaa tangu utotoni, jina alilobandikwa na watoto wenzake kwa sababu mama yake aliuza makaa, na yeye ndiye aliyewapimia wateja kwa kopo, vumbi jeusi limemganda mpaka kwenye kope. Walimwita hivyo ili aone haya. Yeye akalichukua jina, akalikung'uta, akalivaa.

"Ukilia kila ukiitwa, utakufa kwa kiu," aliwahi kuniambia. "Afadhali uitike."

Alipokua akawa fundi wa majiko. Alikata bati kwa mkasi mzito, akalikunja juu ya kipande cha reli, akapiga ribiti za kushika maungio, akapachika chungu cha udongo ndani kwa mchanganyiko wa simenti na majivu ambao vipimo vyake hakumwambia mtu. Jiko lake lilikuwa na kiuno chembamba na mlango mdogo chini. Ukitaka moto ulale, unaulaza. Wanawake walisema jiko la Bi Makaa linakula makaa kama mgonjwa anavyokula uji. Na ubavuni mwa kila jiko aligonga muhuri wa chuma: uso wa mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, na chini yake BI MAKAA. Uso huo aliuchora mwenyewe ukutani, kisha mchonga vyuma akauiga.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno. Tulimwita Kipaza. Karakana ilikuwa kwenye kiwanja alichorithi kwa baba yake, na yeye ndiye aliyezunguka madukani kuuza. Tusimnyime haki yake, aliuza. Lakini jina hakulipenda. Mbele ya wageni alimwita "mke wangu" tu, maana Bi Makaa kwake lilinuka umaskini.

Kisha Kipaza akapata mwanamke mwingine, keshia wa duka la simu, na ndoa ikavunjika. Bi Makaa alitolewa karakanani akiwa na nyundo yake, mkasi wake na godoro. Muhuri ulibaki ndani.

"Na jina langu?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Jina ni la biashara," Kipaza alisema. "Nimeshalisajili. Tafuta jingine, majina hayajaisha duniani."

Haukupita muda bango likasimamishwa kwenye njia panda: yule keshia, kajifunga kitambaa kichwani, anatabasamu kando ya jiko. Juu yake wameandika kwa herufi nyekundu: BI MAKAA MWENYEWE.

Bi Makaa alipanga chumba chenye ua upande wetu, akaanza upya, jina lake akilichora kwa msumari ubavuni mwa jiko. Alikuwa akilia, sitaficha. Nilimsikia kupitia ukuta. Lakini kilichombadilisha hakikuwa bango. Kilikuwa mteja.

Alikuja mama mmoja mstaarabu kabisa, akalizungusha jiko, akaligonga kwa ukucha, akalirudisha chini.

"Zuri," alisema, "ila la kuiga. Bi Makaa mwenyewe namjua, yupo kwenye bango pale njia panda. Mweupe hivi, ana mwanya."

"Mwanya?"

"Ndiyo. Mama, usinichukie, lakini kutumia jina la mtu ni wizi. Tafuta lako."

Bi Makaa alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akaketi juu ya vipande vya bati. Aliniambia baadaye kwamba mpaka hapo alikuwa na uchungu tu, na uchungu una mwisho. Sasa ulikauka ukawa kitu kigumu, cha kushikika, kama mpini wa nyundo.

Akaenda duka la uchapaji, kwa mwanamke ambaye wote tulimwita Dada Printa, ili aandikiwe barua ya malalamiko. Nilimsindikiza. Dada Printa alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa karatasi iliyokwama kwenye mashine.

"Alisema amesajili," alisema. "Amesajili nini? Jina la biashara, au alama ya biashara?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa, mama. Jina la biashara ni kama kibao cha mlangoni, linasema fulani anafanya kazi hapa. Alama ndiyo ile unayogonga kwenye jiko, mteja akiiona anajua limetoka kwa nani. Wengi wanasajili kibao wakadhani wamemaliza."

Akafungua tovuti ya msajili wa alama, kwenye sehemu ya kutafuta. Akaandika Bi Makaa. Akaandika Bimakaa kwa pamoja. Akaandika Makaa peke yake.

"Hamna," alisema.

"Hata yeye hayumo?"

"Hata yeye."

Bi Makaa akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ahamie, na kicheko chenyewe sikukipenda.

Wakafungua akaunti. Dada Printa akamtengenezea barua pepe, wakapiga picha ule uso kutoka jiko la zamani lililokuwa jikoni kwangu, wakausafisha kwenye kompyuta mpaka ukawa mweusi juu ya nyeupe. Mfumo ukawataka wachague kundi la bidhaa. Bi Makaa akaona neno makaa kwenye kundi la nishati, akaweka kidole: "Hapo." Wakalipa ada, wakatuma.

Likarudi jibu: kundi hilo ni la makaa yenyewe, mafuta na kuni, majiko yana kundi lake, pamoja na taa na vyombo vya kupashia moto. Ilibidi waanze upya na kulipa tena. Bi Makaa alitukana kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayepanga ribiti.

Mara ya pili ofisa akauliza jambo jingine. Neno "makaa" ni la kila mtu, haliwezi kuwa la mmoja. Je, mwombaji anakubali hivyo?

"Mwambie makaa ya watu siyataki," alisema Bi Makaa. "Nataka Bi Makaa, na uso wangu."

Dada Printa akaiandika kwa lugha ya adabu. Ombi likapita. Likabaki jambo moja: alama hutangazwa kwanza kwenye gazeti la msajili, palepale mtandaoni, ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla muda haujaisha.

"Yaani akisoma ataniona?" aliuliza Bi Makaa.

"Akisoma."

Kipaza alikuwa mtu wa kusema, si wa kusoma. Hata hivyo, katika kipindi kile Bi Makaa alijilinda kama mtu aliyebeba mayai. Akipita karakana aliingia, akaamkia, akasifia rangi mpya ya ukuta. Alimpa yule keshia pole kwa mafua.

"Naona moyo umetulia," Kipaza alimwambia siku moja mbele yangu.

"Umetulia kabisa," alijibu, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka kusali.

Njiani nilimwambia, "Jirani, si umwonye tu? Mmekula chungu kimoja."

"Nyoka hapewi onyo," alisema. "Ukimpa onyo unampa shimo."

Muda wa pingamizi ukapita kimya. Cheti kikaja. Nilidhani ataenda nacho njia panda akakipigie tarumbeta. Alikikunja, akakiweka chini ya godoro, akaendelea kukata bati. Maana alikuwa amesikia kwamba Kipaza amepata mkataba na duka kubwa lenye matawi, ameajiri mafundi, wanagonga majiko mchana kutwa, na lori limepakwa rangi na ule uso.

"Mwache ashone suti nzima," alisema, "ndipo nimwambie kitambaa si chake."

Majiko yalipofika dukani na kupangwa, ndipo wakili wa Bi Makaa alipotuma barua mbili za kuzuia jina lisitumike, moja kwa duka, moja kwa Kipaza. Ya duka ilitangulia. Hilo alilitaka Bi Makaa. Asubuhi majiko yalikuwa mlangoni kwenye sehemu ya bidhaa mpya. Jioni meneja alikuwa ameyahamishia yote nyuma, karibu na mapipa ya taka, na kumpigia Kipaza simu aje ayachukue. Bi Makaa alisimama ng'ambo ya barabara akila karanga. Alizimaliza zote, akakunja karatasi, akarudi nyumbani.

Kipaza alikuja kesho yake na dada yake mkubwa. Niliitwa nikae kama shahidi. Wifi huyo ndiye aliyemuuguza Bi Makaa alipolazwa kwa upasuaji, akamwogesha kama mtoto, na wakati wa talaka ndiye aliyelia hadharani.

"Bi Makaa," Kipaza alianza, na nilishangaa jinsi jina lilivyomtoka vizuri, "hili tungelimaliza nyumbani."

"Nyumba ipi?"

"Tufanye nusu kwa nusu. Wewe unaunda, mimi nauza, kama zamani."

"Jina langu halina nusu."

Wifi akamshika mkono. "Wifi, mtu akikosa husamehewa. Kama si kwa ajili yake, fanya kwa ajili yangu."

Bi Makaa aliufunika ule mkono kwa wake, nikadhani amelegea. "Wifi, wema wako siusahau," alisema. "Lakini ile picha ulipita chini yake kila ulipokwenda sokoni. Ulisema neno?"

Wifi akauondoa mkono wake.

Bi Makaa akataja masharti. Bango lishushwe. Muhuri urudi. Lori lipakwe upya. Na majiko yote yaletwe hapa uani, jina lifutwe kwa tupa, moja moja, ndipo Kipaza ayauze kama bati tupu. Vinginevyo wakutane mahakamani.

"Nitaleta vijana wafute," alisema Kipaza.

"Vijana sitaki. Mkono uliochukua muhuri ndio ufute."

Alikuja. Alikuwa hajashika kazi ya chuma maisha yake yote, na tupa haina huruma kwa kiganja laini. Bi Makaa aliweka kigoda kivulini, akamimina chai, akatazama. Kila jiko Kipaza alilomaliza, Bi Makaa alilinyanyua, akapitisha kidole pale palipokuwa na uso, na kama alihisi hata ukingo wa kitambaa alilirudisha. "Bado." Majirani walipanda juu ya ndoo kuchungulia juu ya ukuta. Viganja vilipochubuka alimpa kitambaa ajifunge, akamwambia aendelee.

Yule keshia alikuja na chupa ya maji, akasimama getini bila kujua aingie au asiingie.

"Dada," alisema, "mimi niliambiwa nisimame nitabasamu. Sikujua Bi Makaa ni mtu."

"Sasa umejua."

"Nimejua."

"Basi ingia, mpe mumeo maji. Lakini tupa usiiguse."

Watu husema kisasi hakishibishi. Mimi nilimwona, na nawaambieni alishiba. Alinenepa. Usingizi ulimrudia, ngozi ikang'aa, na lile duka kubwa lilipotaka majiko yenye chapa halali likamfuata yeye. Akapanga karakana pana, akaajiri, akagonga muhuri wake kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mtu. Kipaza sasa anauza mabati ya kuezekea, kwa maneno yaleyale, na anaishi vizuri tu. Wakikutana wanasalimiana.

Ni wifi aliyekata mguu. Akimwona Bi Makaa anavuka upande wa pili. Bi Makaa alimpelekea jiko, bora kuliko yote aliyowahi kuunda. Likarudishwa halijafunguliwa hata kamba. Hilo lilimuuma, na hakujifanya haliumi. Aliliweka sebuleni, haliuzi.

Siku hizi kila gazeti la msajili likitoka huenda kwa Dada Printa kulipitia, asije mtu akamnyemelea kama yeye alivyomnyemelea Kipaza. Mara ya mwisho nilikuwepo. Dada Printa alikuwa anashusha ukurasa, akasimama.

"Huyu hapa. Majiko. Ameomba jina Mama Makaa."

Lilikuwa ombi la mwanamke wa mji wa mbali ambao hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Picha ya alama yake ilikuwa sufuria, imechorwa kwa kalamu, mkono umetetemeka.

"Labda hajawahi kukusikia," Dada Printa alisema. "Labda naye alibandikwa tu, kama wewe."

"Labda."

"Nimtafutie simu yake, muongee kwanza?"

Bi Makaa alivuta kiti, akakaa, akaitazama ile sufuria kwa muda mrefu.

"Fungua sehemu ya pingamizi," alisema. "Andika."